Siku Kioo Kilipomkatalia Mama

Mume wangu alinikosea mara moja tu katika ndoa yetu kosa la kulizungumza, na kosa lenyewe alilifanya kwa heshima. Asubuhi ya Jumapili ile, mama yangu akiwa njiani kushuka kutoka mlimani, mwanaume akachomeka modemu na kuiapdeti mashine yake ya gemu. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Laiti ningejua, ningemfuata sebuleni na kisu changu mkononi.

Msinione mkali bure. Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga nyuma ya stendi ya Msamvu, na sebuleni tulikuwa na televisheni ya chogo, zile nzito zinazobebwa na watu wawili. Chini yake ndiyo ilikaa mashine. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, kitambi kinatangulia mlangoni, anarudi kazini na kujifungia na mpira wa kwenye kioo! Akifunga goli anapiga kelele mpaka majirani wanadhani tumeibiwa. Nilimtania sana. Nikawa namwambia ungeolewa nayo wewe, mimi nirudi kwetu. Alikuwa anacheka tu. Tuliokua katika nchi isiyokuwa na televisheni, tukasikia sabuni imekuja dukani tukakimbia foleni, ilipokuja ruksa ya biashara kila mtu alipata wazimu wake. Yeye alipata huo.

Mdogo wangu wa kike alipata wa biashara. Tulizaliwa wawili tu kwa mama, na mimi nilienda ualimu kwa kuwa niliogopa kila kitu, yeye hakuogopa chochote. Alianza na vitenge pale pale stendi, akahamia Dar, halafu siku moja nikasikia yuko ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, anauza nguo na kuongea lugha ya watu. Alirudi kila Krismasi na kelele zake na mizigo yake. Mwaka ule hakurudi. Malaria ilimpanda kichwani, na mvua zilikuwa zimekata barabara, na hospitali aliyofia haikuwa na barafu ya kuhifadhia maiti. Wafanyabiashara wenzake wakamzika huko huko, Kikatoliki, kwa padri na msalaba. Watu wema wale. Wakapiga picha za video tangu anapoagwa mpaka anapofukiwa, wakaziweka kwenye flashi, wakampa dereva wa lori. Ilitufikia Msamvu imefungwa kwenye leso.

Huko mlimani mama alikuwa analala chini.

Kwetu msiba unalaliwa chini mpaka tanga lianuliwe, na tanga huanuliwa kwa siku chache. Mama alikataa. Wajomba walimsihi, katekista akaja akaongea maneno mazuri, mama akawajibu kuwa hajaona uso wa mtu, anamwanulia tanga nani? Akabaki sakafuni na kanga yake nyeusi kichwani. Na anayeijua baridi ya Uluguru, ukungu unavyoingia hadi chini ya kitanda, ajue inamfanya nini mwanamke wa umri ule kifuani mwake. Alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Kila nikipanda kumwona nilirudi nikilia njia nzima. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, sasa namtazama wa pili akijimaliza polepole mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo ilipokuja flashi nikajua dawa imepatikana. Mama ashuke, aone uso, amuage mwanawe, arudi akalale kitandani. Deki yetu ilikuwa ya sidii peke yake, na kompyuta zilikuwa za maofisini, Jumapili zimefungiwa. Kilichoweza kusoma flashi nyumbani mwetu ni ile mashine niliyokuwa naitukana. Mume wangu alikuwa ameshaijaribu siku flashi ilipofika, akaona mwanzo tu, watu wamesimama, akaizima haraka. Alisema haifai yeye aanze kuona kabla ya mama. Sasa Jumapili mashine ikamwambia kuna apdeti, na yeye akafikiri mambo yakiwa mapya picha itatoka safi zaidi kwa ajili ya mkwewe. Kipya kinyemi kingawa kidonda.

Mama alifika na vumbi la njia. Nikamwamkia, nikamwosha miguu iliyokuwa imevimba, akaketi kwenye mkeka mbele ya televisheni, akanyoosha miguu, akajifunika. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda uani kwa mlango wa nyuma. Kwetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, na wala hathubutu kumwona akiwa ameketi chini kwenye kilio, miguu wazi. Wengi wa mjini wameacha. Yeye hakuacha, na mama ndiye kabisa. Walisalimiana kupitia dirishani, yeye akiutazama mpapai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na msiba."

"Pole yako wewe, mama."

Nikawasha. Taa ya mashine ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikatikisa nyaya, nikapiga chogo kofi, wapi! Nikaenda dirishani kumwuliza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameiapdeti. Huenda rezolusheni imejipandisha yenyewe, inatuma picha kubwa ya televisheni za flati, na chogo letu haliiwezi.

"Umefanya nini?"

"Nilitaka itoke vizuri."

"Leo? Siku zote za Mungu, umeichagua leo?"

"Ongea polepole, mama anasikia."

Mama alikuwa anasikia, tena alikuwa anasikia zaidi ya sisi, maana sauti haikuharibika. Katika kubonyeza bonyeza kwangu video ilianza. Kioo cheusi, na ndani ya weusi ule watu wanaimba. Wimbo wa kanisani, mama akautambua na kuanza kuufuata kwa mdomo, lakini maneno yalikuwa ya Kireno na akapotea. Kukawa na miguu inakanyaga, mtoto mdogo anakohoa, padri anasoma.

"Mbona hawalii?" mama akauliza. "Hao ni watu gani wasiolia?"

"Labda watalia mbele, mama."

"Na yeye yuko wapi?"

Nilimwomba mama atoke kidogo, akakae kivulini, ili mume wangu aingie arekebishe. Alinitazama kama ninayemtukana. Mtu ameketi kumuaga mwanawe, unamwinua umpeleke wapi? Nikarudi dirishani nikamwomba mume wangu aingie hivyo hivyo, mama atajifunika uso. Akatikisa kichwa. "Heri unitukane mwaka mzima," akasema, "lakini sitamkanyagia mama yako kilio chake." Jasho lilikuwa linamtoka. Nilimchukia kwa dakika ile, na nilimpenda pia.

Ndipo tukaanza mchezo wa vipofu. Yeye uani akikumbuka menyu ilivyo, mimi ndani nikibonyeza kwenye giza. "Rudi kushoto mpaka ikome. Sasa chini. Hapana, umepitiliza?" Nitajuaje kama nimepitiliza, jamani, na kioo hakina kitu! Mwishowe akaniambia nizime, halafu nishikilie kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka mashine ilie tena, itasahau mapya yote. Nikashikilia huku nikisali Salamu Maria. Ikalia. Kioo kikawaka, menyu ikatokea.

"Imekubali!" nikapiga kelele. "Imekubali!"

Sikumwambia picha ilivyo. Hilo nalijua sasa. Kwa furaha sikusema kwamba menyu inacheza na haina rangi. Niliona mwanga tu, nikaifungua video.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe, inapanda, inapanda, inakatika katikati, juu iko chini. Watu wana vichwa viwili viwili. Jeneza likaja limepinda, na ndani yake kitu cheupe kinatetemeka kama kanga kwenye upepo. Mama akainuka kwa shida. Akaenda mpaka kwenye kioo, pua inagusa, akaweka kiganja juu ya ule uso uliokuwa unapanda na kupotea. Akatazama mpaka ukaondoka kabisa.

Alipogeuka alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeona meno ya mama yangu tangu tupate habari.

"Siye," akasema. "Huyu siye mwanangu."

"Mama, picha ni mbovu. Subiri..."

"Nimemzaa mimi. Nisimjue? Wamezika mtu mwingine, wakakosea jina. Watu hawalii, wangelia nini na si wao, si wetu?"

Niliongea, nikabembeleza, nikashika miguu yake. Alikunywa chai yote, akala viazi, jambo ambalo alikuwa hajalifanya siku nyingi, akavua kanga nyeusi na kuikunja vizuri. Akaaga dirishani kwa sauti ya harusi. Akaondoka zake kuwahi gari la mlimani, nami nikamsindikiza nikiwa kama niliyemwagiwa maji.

Nilirudi nikamkuta mume wangu yuko sebuleni. Sasa aliruhusiwa, mama hayupo. Aliangalia kioo mara moja akashika kichwa. Mashine ilikuwa imejiweka kwenye mfumo wa televisheni wa nchi nyingine, wala hakuhitaji hata kukaa. Alisimama, akabadilisha hiki na hiki, akachagua picha ndogo kuliko zote, ile ya zamani. Rangi zikaja. Picha ikatulia.

Alikuwa ni yeye. Mdogo wangu, na kovu lake la juu ya nyusi, amelala na gauni jeupe kama la komunyo. Nilianguka. Mume wangu alilia na yeye, akawa anasema nisamehe, nisamehe, mpaka nikamwambia anyamaze. Gari la mlimani lilikuwa limeondoka, na Jumapili halina lingine.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kumchukua. Nilimkuta mama anapalilia, hakohoi. Majirani wameambiwa kilio kimekwisha, hakuna aliyekufa. Kitanda kimetandikwa shuka, na nguo za mdogo wangu zimeanikwa kwenye ua zipigwe jua, asije akazikuta zimevunda. Nilikaa pale kwenye udongo nikatamani kurudi bila kusema neno. Afya yake ilikuwa imerudi, na mimi ndiye nilikuja kuichukua tena. Lakini ningemwachaje amngoje mtu kila Krismasi mpaka na yeye azikwe?

"Mama," nikasema, "imetengenezwa. Picha imetulia. Nimemwona, ni yeye. Twende ukamwone."

Hakuacha jembe. "Wewe umemwona mdogo wako. Mimi sijamwona mwanangu. Usinigombeze."

"Sikugombezi, mama."

Alilima mpaka mwisho wa tuta, akarudi na tuta jingine. Nilidhani ameshanisahau. Halafu akauliza, bila kuniangalia:

"Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni jeupe. La mikono mirefu."

"Viatu?"

"Soksi nyeupe, mama."

"Walimfumba macho?"

"Walimfumba vizuri. Alikuwa kama amelala."

Jembe likatua. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Na nywele?"

"Alikuwa amesukwa. Vizuri sana, mistari midogo midogo."

"Alisukwa," mama akasema. "Nywele zake zile ngumu, alikuwa hamwachii mtu mwingine azishike. Toka mdogo. Anakuja Krismasi kichwa kimefumuka, ananikalia hapa katikati ya magoti." Sasa akaniangalia. "Nani alimsuka mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui," akasema, akakaa chini shambani, akalia.