Mtaro wa Mpaka

Watu wa mjini hufikiri mto ni kitu ambacho Mungu alikichora mara moja akakiacha. Mimi nimeona mto ukizaliwa. Niliuona ukiwa na upana wa jembe moja, nikiuruka kwa mguu mmoja kwenda kuchota maji, na kabla sijafikisha miaka kumi na mitatu ulikuwa umemeza shamba la mama yangu. Kwa hiyo msinisimulie uzuri wa mito.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu mmoja huko Dundori, juu ya Nakuru, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza, kabla Hali ya Hatari haijatangazwa. Baba alikuwa kibarua wa kuchuma maua ya pareto, na kwa kazi hiyo tulipewa kipande cha kulima. Sharti lilikuwa moja na kila mtu alilijua: kipande kilimwe. Nyumba isiyolima haikuwa na sababu ya kuwapo pale, na nyapara alikuwa na macho.

Huyo nyapara alipogawa vipande alijiona mtu wa haki sana. Udongo mzuri, mweusi, ulikuwa chini karibu na kijito. Kule juu ulikuwa mwekundu na mwembamba. Ili asiwepo wa kulalamika, alivuta kamba kutoka barabara ya juu mpaka kijitoni, akaukata mteremko kuwa vipande virefu vyembamba, kila nyumba ipate kidogo cha mweusi na kidogo cha mwekundu. Wazee wakamshukuru. Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kupanda miti wala kujenga ua, mpaka ulikuwa mtaro uliochimbwa moja kwa moja kushuka kilima. Ukitaka kuharibu kilima kwa haraka, sijui njia bora kuliko hiyo.

Kila mwaka kabla ya masika, nyumba mbili zilizopakana zilichimba upya mtaro wao kwa siku moja, kila moja upande wake, zikichungana. Jirani yetu alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, mtu wa kabila jingine, ndiyo maana yeye na baba walizungumza Kiswahili, na Kiswahili chao kilikuwa cha kugombana tu.

"Wewe mzee, umesongeza hii mtaro," jirani alisema.

"Mimi sijasongeza kitu. Kamba ya nyapara ilipita hapa hapa. Uliza yeye."

Baba akachimba zaidi asionekane mvivu, jirani akachimba zaidi asionekane mjinga, na mtaro ukazidi kwenda chini.

Na baba alijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Kabla ya kuja Dundori alikuwa amefanya kazi ya kuchimba mitaro kando ya reli, na maji aliyaelewa kuliko mtu yeyote pale kilimani. Masika ya kwanza, mvua ilipokatika, alinipeleka ukingoni, akachuchumaa, akanionyesha vijifereji vyembamba vilivyotoka kati ya matuta ya viazi na kuingia mtaroni.

"Maji yakiwa peke yake ni manyonge," aliniambia. "Yakikutana kidogo yanabeba mchanga. Yakikutana mengi yanabeba mawe."

Kisha akanionyesha mahali ambapo sakafu ya mtaro ilidondoka ghafla na kufanya ngazi. Pale ndipo panapokula, alisema. Maji yanaanguka, yanachimba chini ya ile ngazi, ngazi inabomoka, nyingine inatokea nyuma yake, juu zaidi. Maji yanashuka, lakini shimo linapanda. Nikamuuliza litafika wapi. "Mpaka barabarani, lisipozuiwa." Nikamuuliza linazuiwaje. Alisema ni kazi ndogo: kufukia, kupanda nyasi, halafu kuchimba mitaro ya kukata mteremko ili maji yatembee badala ya kukimbia.

Akasimama, akapangusa magoti. "Lakini mtu akifukia mpaka, jirani atasema ameshindwa. Na wewe usimwambie mama yako, ataanza maneno."

Sikumwambia. Niliona fahari kupewa siri na baba.

Masika ya pili ngazi ilikuwa imefika katikati ya shamba, na maji ya barabarani yakaanza kuingia. Kingo zilipobomoka, mtaro wenye kina zaidi uliinyang'anya ile mingine maji yake. Mito hukua hivyo, kwa wizi, na wetu ulikuwa mwizi hodari kuliko yote kilimani.

"Baba watoto, tuufukie huu mtaro," mama alisema. "Tumwombe mzee tusaidiane."

Baba alijibu kwamba aliyeanza kuusogeza ndiye aanze kuufukia. Mama akajifunga leso akaenda mwenyewe kwa jirani. Nilifuatana naye. Mzee alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, lakini jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mama, mimi nikifukia leo, kesho mzee yako atasema shamba ni yake mpaka kwa mlango yangu."

Basi mama akaanza kuziba peke yake, kwa matawi na mawe, kila jioni akitoka kuchuma pareto. Maji yakazunguka matawi yake na kukata ukingo upande wa pili. Baba alimwona akibeba yale mawe. Alimwona kila siku, na yeye ndiye aliyejua yanavyopaswa kupangwa.

Masika ya tatu mvua ilianza saa nane mchana, na kufika saa kumi mama alikuwa amesimama kwenye matope akitazama. Viazi vilikuwa vimetoa maua. Kipande kizima cha ule udongo mweusi kilikatika kikashuka taratibu, mimea bado imesimama juu yake. Mama alipiga magoti akalishika shina moja lililobaki ukingoni, akalishika kwa mikono miwili, nami nikamvuta nyuma kwa leso. Ng'ambo, jirani alikuwa akitazama shamba lake likienda. Kati yake na baba, aliyesimama upande wetu, palikuwa na nafasi ya kuingiza nyumba. Niliwachukia wote wawili.

Nyapara alikuja kesho yake, akasema hapo hakuna shamba tena. Tukahamishiwa kambi ya vibarua, chumba kimoja, bila hata tuta la mboga. Mama, aliyekuwa akitulisha kwa jembe lake, sasa akapanga foleni ya unga.

Kijito chetu hakikufika hata ziwani. Bonde la Nakuru halina mlango: mito inaingia, hakuna unaotoka kwenda baharini, na ile midogo hufia njiani, ikizama kwenye nyufa za ardhi. Chetu kilifika kwenye tambarare, kikaishiwa na mwendo, kikamwaga mzigo wake, ule udongo wetu mweusi, kwenye malisho ya mzungu yule yule. Mwaka uliofuata akayalima, akapanda mahindi. Wanawake na wasichana wa kambi tukapelekwa kupalilia.

Mama alichota udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Akaendelea na kazi, mstari mmoja, wa pili. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba yako alijua kwamba ule mtaro ungetufanya hivi?"

Nilifikiria kile chumba kimoja, na wao wawili ndani yake wakiwa na jibu langu.

"Hapana, mama. Hakujua. Hakuna aliyejua."

"Basi ni Mungu," alisema.

Mama alikuwa mtu wa kanisa. Hata kikombe cha uji alikiombea. Jumapili iliyofuata hakuvaa nguo za kanisa. Alisema amechoka. Jumapili ya pili alisema vivyo hivyo, na baada ya hapo tukaacha kumuuliza. Alikufa miaka mingi baadaye, akiwa bado hasemi na Mungu, na huku akimpakulia baba chakula kila siku kwa mikono miwili.