Maneno Mawili Niliyoyaongeza

Mwezi uliopita nilishuka Kisenyi, hapa hapa Kampala, kutafuta kipuri cha jiko langu la gesi. Nilikuwa nimeshapita mlango wa duka moja la jumla niliposikia sauti ya mwanamume nyuma yangu: "Wewe mama! Simama hapo!" Nikasimama. Wala si kusimama tu, niliinua mikono yote miwili juu, na mkoba ukaniponyoka. Mlinzi wa duka akaja mbio, mtandio wangu mkononi. "Hii naanguka kule," akasema, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kijana mdogo tu, hakujua amefanya nini. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nimesimama katikati ya njia mikono juu kwa sababu nimeitwa kwa lugha iliyonilea.

Ndiyo, ndugu yangu, Kiswahili ndicho kilichonilea, tena hatua chache tu kutoka mlango ule. Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya msikiti. Babu yake alikuja na msafara wa biashara kutoka Pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nje tulisema Kiganda kama majirani zetu wote. Ndani ilikuwa Kiswahili, na bibi alikuwa mkali kwa Kiswahili kuliko kwa usafi wa vyombo. Ukimwambia "nipe maji" anaendelea na kazi yake kama hakusikia. Ukisema "bibi, naomba maji" unapewa maji, unapewa na dua juu yake.

Alikuwa akiuza vitumbua. Tuliamka kabla ya adhana, yeye akikoroga unga wa mchele uliolala na hamira, mimi nikitwanga iliki kwenye kinu kidogo cha shaba. Hadi leo harufu ya iliki kwangu ni harufu ya kuulizwa maswali, maana huo ndio wakati aliokuwa akinifundisha. "Yai limevunjika, au limevunjwa?" ananiuliza, ganda mkononi. Nikisema limevunjwa, anataka kujua: "Na nani?" Nikijibu "nami, bibi," anacheka mpaka kikaango kinatikisika. Alipenda mtu aseme jambo lote, na aliyelitenda awemo.

Shuleni Kiswahili kilikuwa aibu. Kwa Kiganda cha siku zile, kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu na kumwita mhuni, na wasichana wenzangu hawakuchoka kunikumbusha. Halafu wanajeshi wakaichukua serikali, na Kiswahili kikapanda cheo. Kikavaa magwanda. Tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani: kuja hapa, lala chini, fungua buti, wewe natoka wapi. Mara ya kwanza bibi kusimamishwa, alimjibu yule askari kwa salamu kamili, akamuuliza hali ya nyumbani kwao. Askari akamtazama, akamwambia, "Wewe mzee, sema Kiswahili!" Bibi alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka bila kuvua baibui. "Maneno ni yetu," alisema, "lakini mtu hayumo ndani yake."

Tulikuwa na redio ya betri juu ya kabati. Tulijifunza kwayo msamiati mpya kila wiki. Wahindi walipofukuzwa, tuliambiwa hivyo ni vita vya uchumi, na sukari ilipokwisha madukani tukaambiwa vita vinaendelea vizuri. Mwenye duka la pembeni, aliyeniongezea peremende kila Ijumaa, alikuwa mnyonyaji. Kununua chumvi nyuma ya nyumba ya mtu kulikuwa magendo. Na watu hawakukamatwa kamwe, redio haikuwa na neno hilo. Watu walitoroka. Daktari fulani ametoroka, karani fulani ametoroka, hajulikani aliko. Ukisikiliza redio ungedhani ni nchi ya watu wenye mbio. Sisi wa mtaani hatukusema ametoroka, wala hatukusema ukweli. Tulisema amesafiri. Ukiambiwa jirani amesafiri, unainamisha kichwa, unauliza watoto wanaendeleaje.

Nikiwa darasa la tano, likaja agizo kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na shule zote zikifundishe. Mwalimu wetu wa darasa hakujua hata neno. Alikuwa Mganda mrefu, mpole, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni, na aliipenda lugha yake kwa namna ambayo sijaiona tena. Alikaa siku mbili akifikiri, kisha akanifuata nyumbani na daftari kwapani, akapiga magoti kwenye mkeka wa bibi kama mtoto wake.

"Jjajja," akamwita, kama Waganda wanavyowaita bibi zao, "mimi nataka kujifunza Kiswahiri."

"Kiswahili, mwanangu."

"Kiswahiri."

"Basi," bibi akasema, "tutaanzia hapo hapo."

Alikuja kila jioni kwa miezi. Walikunywa chai ya mchaichai isiyo na sukari, wakabishana. Yeye alimfundisha bibi maneno ya Kiganda ya zamani, bibi akamrudishia ya Pwani, nami nikakaa katikati nikiyapitisha huku na huku. Hizo ndizo jioni bora za utoto wangu. Siku moja alimuuliza bibi mtu amwombeje askari kwa adabu. Bibi akamwambia aseme tafadhali. Kesho yake alikuja na shavu limevimba. "Jjajja, hiyo tafadhari yako imenipiga kofi. Niriposema tu, askari akaniuriza, umeniita nani?" Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka, mwalimu naye akacheka ameshika shavu.

Muhula wa pili, mwalimu mkuu wetu alichukuliwa. Nasema alichukuliwa kwa sababu nilikuwa ukumbini nikifagia. Wanaume wawili walimshika mikono, askari mwenye bunduki akafungua buti la gari, mwalimu mkuu akaingizwa humo akiwa bado na chaki kidoleni. Asubuhi iliyofuata mkuu wa eneo alikuja kutuambia paredini kwamba ametoroka nchi na vifaa vya shule. Walimu wakatazama miguu yao. Nyumbani kwa mwalimu mkuu majirani walipeleka ndizi na kuni, wakisema wamesikia amesafiri.

Wiki tatu baadaye wazazi na walimu waliitwa uwanjani kuhutubiwa na ofisa wa jeshi. Ofisa hakujua Kiganda, wazee wengi hawakujua Kiswahili. Wakatafuta mkalimani, na mkuu wa eneo akanielekeza kidole. Nikapandishwa jukwaani mbele ya kipaza sauti, na sanduku la soda chini ya miguu yangu ili nikifikie. Sitakudanganya: nilifurahi. Wasichana walioniita Mswahili walikuwa chini, wamekaa kwenye nyasi, wakinitazama.

Ofisa alikuwa na miwani myeusi na Kiswahili cha kukatakata. "Adui ya uchumi iko ndani ya nyumba yenu," alisema, nami nikaipeleka kwa Kiganda kilichonyooka, na kumpambia kidogo. Aliona watu wanaitikia, akafurahi. Mwishoni akasema, "Kama mtu iko na swali, auliza." Hakuna aliyewahi kuuliza swali kwenye mikutano ile. Mwalimu wangu akasimama.

Alisema kwa Kiganda, taratibu, kwa heshima zote: "Mkubwa wetu aliyesafiri, tuendelee kumwekea chakula, au tufunike chungu?"

Uwanja wote ulielewa. Sauti ndogo ilipita kwa wale wazee, si kicheko wala si kilio. Lilikuwa swali lililovikwa vizuri sana; kwa mgeni lilikuwa swali la chakula tu. Nikalipeleka kama lilivyo. Ofisa akakunja uso. "Mkubwa gani? Nani nasafiri?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni habari ya chakula cha shule. Nilimwona bibi katikati ya akina mama, ameshika koo, akikohoa, akikohoa tena. Nilidhani vumbi limempalia. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, kwamba sentensi haijatimia, nami nilikuwa mtoto wa nyumba ambamo sentensi hutimizwa.

"Mwalimu mkuu, afande," nikasema kwenye kipaza sauti. "Yule aliyechukuliwa na askari."

Ofisa akainama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nani nasema askari nachukua yeye?"

Nami nikidhani ananiuliza ni nani mwenye swali, nikajibu, "Mwalimu."

Akatabasamu. Akanishika kichwa, akawaambia watu, "Mtoto hii najua Kiswahili mzuri sana. Watoto yote isome kama hii." Akampa ishara kijana wake, nikaletewa paketi nzima ya sukari, wakati tulikuwa tumesahau rangi yake. Watu walipiga makofi kwa kuwa mkuu wa eneo aliwaanzia. Mwalimu alikuwa bado amesimama. Alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Aliitikia kidogo kwa kichwa, kama afanyavyo darasani mwanafunzi akijibu sahihi.

Walimchukua saa kumi alasiri, njiani akienda nyumbani, shati lake jeupe mwilini.

Bibi hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliiweka ile sukari kwenye sanduku lake la nguo, akalifunga kwa ufunguo, akaendelea kupika vitumbua visivyo na utamu. Siku hizo zote mke wa mwalimu alizunguka kambi moja hadi nyingine na kikapu cha chakula. Kila geti alimkuta askari, na kila askari alimwambia hapana jua. Baada ya wiki mbili shule ilibandika karatasi ubaoni: mwalimu wa darasa la tano ameacha kazi kwa hiari yake. Bibi aliposikia hivyo alifungua sanduku. Akapika alfajiri iliyofuata kwa sukari yote, hakubakisha, na tukazibeba sinia mbili hadi kwa mke wa mwalimu.

Akina mama walikuwa wamejaa uani. Huwezi kumlilia mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo haukuwa msiba. Kila aliyeingia alisema, "Nimepita kukusalimia." Walikaa chini, vichwa vimefunikwa, wakasalimia kutwa nzima, bila turubai wala dua ya sauti. Kitoto cha mwalimu cha miaka mitatu kilikula vitumbua vitano, kwani hakikuwahi kuonja kitu kitamu namna ile, kikataka vingine.

Yule mama aliniita ndani. Alikuwa ameketi kitandani, daftari la mumewe mapajani, lile la Kiswahili. "Niambie ulivyomwambia yule ofisa," akasema kwa Kiganda. "Usipunguze."

Nikamwambia. Akaniomba nirudie kwa Kiswahili, nikarudia. Akanifanya nimweleze neno kwa neno, lipi ni lipi. Nilipofika kwenye yale mawili ya mwisho, "na askari," akaniuliza kama mumewe aliyasema.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni yangu."

"Lakini mwalimu mkuu, ni kweli alichukuliwa na askari?"

"Ni kweli."

"Basi umesema kweli," akasema, akaufunika uso wake kwa daftari. Nilisubiri aniambie niondoke. Bibi ndiye aliyekuja kunishika mkono.

Walihamia kijijini kwao kabla ya mwaka kwisha. Serikali ile iliondolewa kwa vita, wakaja askari wengine, na wengine baada yao, wote wakiamrisha kwa Kiswahili. Jina la mwalimu sijaliona kwenye orodha yoyote. Nilimtafuta mke wake nilipokuwa mtu mzima, nikaambiwa alishafariki. Sikujua hata ningemwambia nini. Watu wazima niliowasimulia wameniambia nilikuwa mtoto, kwamba angechukuliwa vyovyote vile. Huenda. Lakini mimi nilikuwa pale juu ya sanduku la soda, nawe hukuwapo.

Bibi alidumu miaka minne baada ya hapo. Baada ya siku ile hakunifundisha tena. Tuliamka kama kawaida, nikatwanga iliki kama kawaida, na yai lilipovunjika alilifuta kwa kitambaa bila neno. Nilizungumza naye Kiganda, akanijibu Kiganda, na sidhani tuliwahi kukubaliana hivyo. Alipofariki nilikuta sandukuni mwake nguo tatu, tasbihi, na makaratasi ya dua za babu yake, zikiwa na maneno ya Kiswahili ambayo sikuyajua maana. Hapakuwa na wa kumuuliza. Nyumba imebomolewa, sasa ni gereji.

Watoto wangu niliwalea kwa Kiganda na Kiingereza. Sikuwahi kuwaambia kwa nini, nao hawakuuliza. Kampala nzima ililea hivyo. Juzi mjukuu wangu wa kike alikuwa akiandika kazi ya shule kuhusu ukoo wetu. Aliniuliza bibi yangu alikuwa akisema lugha gani nyumbani. Nikamwambia Kiswahili. Akaacha kuandika, akanitazama kwa mashaka.

"Kwani alikuwa askari?"

Nikamwambia hapana. Nilimjibu kwa Kiganda.