Komunike Ambayo Haikufika Kabambare

Faida binti Yakubu alikuwa fundi wa redio ndogo mjini Kasongo. Waya, maikrofoni, betri za sola, kompyuta kuukuu ya studio, vyote vilikuwa mikononi mwake. Asubuhi na jioni redio ilitoa komunike: nani amefiwa, nani anatafutwa, nani aje haraka. Upande wa Kabambare, kwenye milima ya wachimba dhahabu, simu haikamati lakini redio inafika.

Mama yake, mama Malaika, alilazwa hospitalini tumbo limemvimba. Alikuwa na ombi moja tu.

"Muniitie Djamali," alisema. "Na bibi yake, ule aliyemuoa, pia aje. Sina kinyongo tena."

Djamali, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amekwenda machimboni kwa hasira, kwa sababu mama alimkataa mchumba wake, Esther-Divine, binti Mkristo kutoka Bukavu. Alimwoa hivyohivyo, wala hakurudi nyumbani. Sasa mvua ilikuwa imebeba daraja la magogo na pikipiki hazipiti. Ilibaki redio.

Faida alirekodi tangazo kwa sauti yake mwenyewe. "Djamali wa Yakubu, popote ulipo kule Kabambare, mama ni mugonjwa sana. Anakuita, wewe na bibi yako. Hana kinyongo. Kuja mbio."

Ismaël, direkta wa redio, ambaye ndiye aliyesoma komunike siku zote, alikuwa kwenye mkutano Kindu. Faida naye hakuweza kukaa studio na hospitalini kwa wakati mmoja. Akaandika skripti, maagizo machache ya kuiambia kompyuta ikate muziki, icheze komunike, kisha irudishe muziki. Aliianzisha kwa mkono, kwa majaribio tu bila kuirusha hewani, na sauti yake ikajaa chumba. Akaipangia saa zake, iwe inajianzisha yenyewe. Mwishoni akaongeza agizo kwamba ikikuta tatizo isiandike chochote, maana ripoti za namna hiyo zilikuwa zinaijaza diski. Akafunga mlango, akarudi kwa mama yake.

Wodini redio zilikatazwa. Kwa hiyo kesho yake Faida alipita studio mara moja, akatazama kwenye kompyuta. Iliandika wazi: kazi imeanza kwa saa yake. Alirudi karibu akikimbia.

"Imepita, mama! Atakuwa amesikia."

Mama Malaika akaomba asukwe nywele. Akaomba kitenge chake cha kijani, kile cha sikukuu. Pikipiki ikinguruma nje, alijiinua kidogo kwenye mto, akatazama mlango mpaka mlio upotee.

Jirani yao Mado alipoleta uji, alimvuta Faida pembeni. "Mi nilikaa na redio asubuhi yote, Faida. Nilisikia muziki tu."

"Labda ulitoka kidogo, mama Mado. Nimeona mwenyewe, imeanza."

Siku zikapita. Mama akaacha kutazama mlango. Jioni moja alisema polepole, "Basi amekataa. Iko na haki yake."

"Hapana, mama. Njia ni mbaya."

Mama alifariki alfajiri, wakati watu wanatoka msikitini, na adhuhuri akazikwa.

Kutoka makaburini Faida alikwenda studio na nguo zake za msiba, kurekodi tanzia. Alikuwa bado ameketi pale saa ya komunike ilipofika. Muziki ukaendelea. Akangoja. Muziki ukaendelea tu.

Alianzisha skripti kwa mkono, ikacheza vizuri. Aliipangia ijianzishe yenyewe baada ya dakika moja, kimya. Akafuta lile agizo la kunyamaza, akajaribu tena, na safari hii kompyuta ikasema shida yake: folda ya matangazo haionekani.

Hapo akaelewa. Yeye alipoianzisha kwa mkono, alikuwa tayari amefungua mahali folda ilipo, na skripti ikaitafuta palepale. Kompyuta ilipojianzishia yenyewe, ilianzia mahali pengine pasipo na folda hiyo. Aliandika jina la folda tu, hakuandika njia yake yote. Kazi ilikuwa inaanza kweli kila siku, halafu inakufa papo hapo bila kusema neno.

Alisahihisha mstari mmoja. Ilipofika saa iliyopangwa, muziki ukakatika wenyewe, na sauti yake ikatangaza kifo cha mama Malaika mpaka Kabambare. Faida aliketi sakafuni akalia.

Djamali alifika matanga yakiendelea, amekuja kwa miguu, tope mpaka magotini. Esther-Divine alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Nimesikia kifo tu," alisema. "Kwa nini hamukuniita?"

Faida alimweleza yote, kompyuta, folda, agizo la kunyamaza. Djamali alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama amekufa akijua nimemukataa?"

Faida angeweza kudanganya. "Ndiyo, yaya," alimwambia kaka yake.

Djamali akamwomba amsikilizishe lile tangazo. Walikwenda studio wawili. Lilipofika kwenye "hana kinyongo", Djamali aliinua mkono. "Zima." Hakurudi hata matangani, alishika njia ya Kabambare palepale.

Esther-Divine alibaki mpaka arobaini. Hakuna aliyemwomba. Alifua nguo zote za mama mkwe ambaye hakuwahi kumwona, akazikunja. Alipofika kwenye kitenge cha kijani, alimuuliza Faida, "Hiki alikivaa lini?"

"Alikivaa akiwangoja ninyi," Faida akajibu.

Esther-Divine alikiweka mapajani, na wakakaa hivyo.