Sakafu Isiyoitika

Nilirudi Kolwezi mwaka ule kwa sababu dada yangu wa mwisho alikuwa anaposwa. Mama alinipigia simu nikiwa Tenke akaniambia kwamba nikiendelea kuzunguka hivi, hata ndoa ya dada yangu nitaisikia redioni. Nikafunga begi. Kufunga begi ndiyo kazi ninayoijua vizuri. Tangu nimalize sekondari nimekaa Likasi, Kasumbalesa, Fungurume na Tenke. Nimepakia malori, nimeuza mafuta ya taa, nimekuwa karani wa bohari. Na popote nilipolala, nilikikumbuka kiwanja cha mama kwa upendo ambao sikuwahi kuwa nao nilipoishi ndani yake.

Kiwanja kilikuwa kama nilivyokiacha. Ile nyumba ya matofali, ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, ambayo baba aliinunua kabla hajafa. Mawe yaliyopakwa chokaa pembezoni mwa njia. Mistari ya ufagio mchangani, imenyooka kama ya daftari. Zamani kampuni ilikuwa ikimtuma mkaguzi apite kiwanja kwa kiwanja, na mwenye bustani safi kuliko wote alipewa zawadi. Mama alishinda ndoo. Mkaguzi hajapita miaka mingi, na ndoo imetoboka, lakini mama bado anafagia kama mtu anayemtarajia kesho asubuhi.

Kipya kilikuwa upande wa pili wa uzio, kwenye kona ya bustani ya jirani. Kibanda. Ukuta mmoja ulikuwa wa mataruma ya reli yaliyosimamishwa wima. Wa pili ulikuwa wa mapipa yaliyopasuliwa na kupigwa nyundo mpaka yakawa bapa, kila moja na kutu ya rangi yake. Wa tatu ulikuwa wa ule mpira mweusi mnene wa mikanda inayobeba mawe migodini. Juu kulikuwa na turubai la bluu, bashi kama tunavyoita, limegandamizwa kwa matairi mawili ya pikipiki. Na mbele, mlango mzuri ajabu wa mbao ngumu, wenye namba ya nyumba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kilikuwa kama mtu aliyevaa matambara na kofia ya askofu.

"Unaona ile kitu?" mama akauliza, hata begi sijalitua. "Unaona bale bakwe batakaa wapi? Macho yote kule."

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Lubumbashi kuleta mahari, baada ya majuma matatu. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo wangekaa uani chini ya hema la kukodi, na hema halikuwa na mahali pengine pa kusimama ila kando ya uzio ule. Lakini si uchafu wenyewe uliomnyima mama usingizi. Kwetu bashi ya bluu katikati ya makazi ya watu ina maana yake. Kule Kasulo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na kitu cha kwanza walichokifanya kilikuwa kufunga bashi, ili mpita njia asione udongo unavyotoka. Mtu akiona bashi hafikirii kuku wala kuni. Anafikiria shimo, na nyumba zilizo jirani ya shimo. Mama alikuwa amesikia kwamba watu wa Lubumbashi wanataniana kwamba mgeni akifika Kolwezi asirukeruke. Aliogopa kwamba wakwe watatazama kile kibanda, watakunja vitambaa vyao vya mahari, na kusema hawawezi kuoa binti kutoka nyumba iliyo juu ya tundu. Dada yangu alikuwa amemngoja mwanaume huyu miaka minne.

Mtaa mzima hapakuwa na aliyewahi kuingia mle ndani. Mchana kutwa ilisikika nyundo, ko, ko, ko, halafu kimya. Mama hakuwa amezungumza na jirani kwa miezi miwili. Alipofagia, vumbi lote alilielekeza kwa jirani.

Kazi ya kwenda kumwambia nikapewa mimi.

Jirani alikuwa mzee wa reli, mstaafu, mjane, ambaye maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye stesheni ya Tenke. Asili yake ni Kasai kama sisi, na alipokasirika aliongea lugha ya baba yangu. Hatua zake zilikuwa fupi na sawasawa, za mtu aliyezoea kukanyaga taruma baada ya taruma. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi mbele ya ule mlango, kofia yake ya reli kichwani. Nikamwamkia, nikasema kibanda chake ni kikubwa. Akasema ahsante. Aliposikia natoka Tenke, akaniuliza kama tangi la maji la stesheni bado limesimama, na kama yule mama anayeuza maharage karibu na njia ya reli bado ana mdomo mrefu. Alinimiminia munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi, na tukakaa hadi jua likageuka. Nilirudi nyumbani sijasema nililotumwa.

Siku ya pili dada yangu alinipa bakuli la sombe, kile kisamvu chetu, nimpelekee, ili mazungumzo yapate pa kuanzia. Mzee alitoa bukari, yaani ugali, tukala sombe lote pamoja. Mama alinisubiri mlangoni.

"Nilikutuma ubomoe," akasema, "umerudi umeshiba."

Nikapendekeza tukifunike kibanda kwa vitenge siku ya wakwe. Akanijibu kwamba hata maiti hufunikwa kitenge, na kila mtu anajua kilichomo.

Siku ya tatu nikasema. Nilimweleza mzee habari ya wakwe, bashi na hofu ya mama, nikitazama viatu vyangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ule mlango na kunionyesha niingie.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja, redio, na kopo la misumari ya zamani iliyopinda ambayo alikuwa akiinyoosha kwa nyundo. Hiyo ndiyo ilikuwa ile ko, ko, ko. Kwingine kote kulikuwa sakafu tu. Sijaona sakafu kama ile hata kwenye ofisi za wakubwa. Ilikuwa ya saruji, ya kijivu, laini kama mkono wa mtoto, imefagiliwa mpaka niliona aibu kwa viatu vyangu.

"Piga kisigino," akasema.

Nikapiga.

"Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, tata," nikajibu, nikimwita baba kwa heshima.

"Basi. Ile ndiyo kitu nilijenga. Kuta ni ya kuzuia mvua tu."

Halafu akanisimulia. Alipostaafu alinunua nyumba Kasulo, yeye na mkewe. Walipoanza kuchimba majirani wa kulia, hakusema kitu. Walipoanza wa kushoto, alikuja mtu kumshawishi naye achimbe, akakataa. Lakini sakafu yake ilianza kubadilika sauti. Ukiweka chini sufuria, ilikuwa inaitika. Mkewe ndiye aliyeisikia kwanza. Alipofariki, kwa maradhi yake mengine, mzee alibaki na ile sauti peke yake. Ikafika siku moja, saa za mchana, ametoka kula, akapiga kisigino chumbani ili asikie hali ilivyo. Na kutoka chini, mtu akagonga mara mbili kumjibu.

"Kwa heshima kabisa," mzee akasema. "Kama mtu anayesema karibu."

Wiki ile ile aliuza. Alipata kuchukua mlango tu, ule wenye namba, kwa sababu aliununua pamoja na mkewe. Nyumba ya hapa mtaani kwetu ilikuwa na sakafu yake, lakini hakuijenga yeye, hakujua chini yake mna nini. Kwa hiyo alichagua kona ya bustani, akachimba kidogo hadi akaona udongo mgumu, akajaza kokoto za reli, akashindilia, akamwaga saruji. Miezi mitatu sakafu ilikaa peke yake bila ukuta, watu wakamcheka kwamba anajengea mvua uwanja wa kuchezea. Kuta alikuja kuziokota baadaye.

Nilimsimulia mama yote. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alisema kila mtu Kolwezi ana hadithi, na wakwe hawatakuja kusikiliza hadithi ya kokoto.

Kisha baba mdogo alipiga simu kutoka Mbuji-Mayi. Yeye ndiye aliyepaswa kuja kupokea mahari kwa niaba ya baba. Miguu ilikuwa imevimba, safari hawezi. Nikasema basi nitasimama mimi, kaka mkubwa. Akaniambia, bila hasira, kwamba mtu asiye na mlango wake hapokei wageni wa mahari. Alitaka mama atafute mzee wa lugha yetu, mtu mwenye kauli. Nilimtazama mama na mama akanitazama. Sote wawili tulijua ni mmoja tu mtaani.

Nikatumwa tena. Mzee alisikiliza, akaokota msumari mwingine kutoka kwenye kopo. Akasema amekubali, ila mama aje mwenyewe. Mjumbe, alisema, hubeba maneno, lakini hawezi kubeba uso wa mtu.

Mama alikaa siku mbili bila kwenda. Siku ya tatu alivaa kitenge cha kanisani, akazunguka kwa barabarani, maana kupita kwenye tundu la uzio kungekuwa kama kuomba msamaha kwa mlango wa nyuma. Mimi nilimfuata kwa nyuma. Hakuketi. Alisimama katikati ya ile sakafu, akainua pindo la kitenge chake, akapiga kisigino. Akasikiliza kichwa kikiwa upande. Akapiga tena, kwa nguvu, kama anayeua mende.

"Piga na kule kwenye kona, mama," mzee akasema.

Akapiga kwenye kona. Kona haikuitika.

"Mi nilifikiri na ile nyundo unapasua sakafu, unachimba," akasema mama.

"Nilijua unafikiri."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulinitupia vumbi tu."

Mama alitazama zile kuta za mapipa kwa muda mrefu. Akasema siku ya wakwe itabidi mzee avae koti, na asije na ile kofia yake ya reli. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yake. Kuhusu kubomoa hakusema tena. Lakini njiani nilimwona ameishika mikono yake pamoja, na nikajua hofu haijatoka. Sasa alijua yeye kwamba hakuna shimo. Wakwe hawakujua.

Walikuja Jumamosi, watu saba, wamevaa kitenge cha aina moja. Shangazi wa bwana harusi aliongoza, mwanamke mrefu, viatu vya kisigino, macho ya kuhesabu. Walikaa chini ya hema. Soda zikagawiwa. Mzee wetu alikuwa amevaa koti, na kofia ya reli vilevile. Kabla msemaji wao hajasimama, shangazi akauliza kwa adabu kubwa, akielekeza kidevu tu:

"Tata, mbele ya kuongea mambo ya binti, pale mu bashi kuko nini?"

Dada yangu, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliachia pazia. Mama akatazama chupa yake ya soda. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa uongo: bohari, kuku, kuni. Mzee akasimama.

"Mama, pale ni kwangu. Na leo mi ndiye ninasemea hii familia. Kama chini yangu kuko shimo, na maneno yangu itaanguka mule. Mukuje mupige kisigino."

Akatangulia. Shangazi akainuka, na wengine nyuma yake, na sisi nyuma yao. Tulitoka kwa mlango wa mbele na kuzunguka barabarani kwa mstari mmoja, kama maandamano ya kanisa, majirani wakisimama na masufuria mikononi. Mle ndani hatukuenea. Nusu walisubiri nje. Alianza mjomba mmoja mwenye viatu vinavyombana, akapiga kwa woga. Akaingia mwingine. Shangazi alipiga mara moja katikati, akasikiliza, akaenda kwenye kona, akapiga tena, kama mwanamke anayegonga boga sokoni. Mama naye akapiga, ingawa alikwisha kujua jibu. Visigino vikaanza kufuatana. Mtu mmoja akacheka, na kwa muda mfupi sikuweza kusema kama wanakagua au wanacheza.

Shangazi alipotoka alikuwa anapumua juu juu.

"Iko nguvu, tata," akasema. "Lakini iko mbaya."

"Iko mbaya, mama," mzee akakubali. "Hata huyu jirani yangu anasemaka hivyo."

Tukarudi chini ya hema. Mazungumzo yalikuwa marefu, kama yanavyopaswa kuwa, na mzee aliyaendesha kama treni ya mizigo, taratibu, akisimama kila stesheni. Jua lilipoelekea nyuma ya milima ya mawe ya mgodi, dada yangu aliitwa, akaulizwa mbele ya wote kama hivi vitu vipokelewe. Akasema vipokelewe. Mama alilia kidogo, kisha akainuka kwenda kuona kama wali umetosha.

Nilikaa juma moja zaidi, nikasaidia kuondoa lile turubai na kupigilia mabati, kwa misumari ya mzee iliyonyooshwa. Halafu nikafunga begi, nikaenda Fungurume, ambako nilikuwa nimesikia kuna kazi ya bohari. Chumba nilichopanga kina sakafu ya saruji yenye nyufa. Siku ya kwanza, kabla sijatandika godoro, nilipiga kisigino. Mwenye nyumba alichungulia, akauliza kama nimeona nyoka.

Mama hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Siku hizi anachambulia maharage yake mle kibandani, kwa sababu, anasema, kuna ubaridi. Juzi alikuwa na malalamiko mapya. Mzee amepaka zile kuta rangi, na rangi aliyoipata ni ile ya njano ya malori ya mgodini, inaonekana hadi barabara kuu. Nikamuuliza kama anataka nije niongee naye.

"Wee kaa kule kwenye kazi," akasema. "Kesho nitaenda mi mwenyewe."