Kinyozi Aliyeogopa Kupiga Chafya

Maumivu yalimjia saa nne asubuhi, akiwa anamnyoa ndevu mwalimu mstaafu, mteja wake wa kila Alhamisi. Kitu kilichanika tumboni kama shuka kuukuu. Kwanza akautua wembe kwenye beseni. Ndipo akaanguka.

"Fundi! Fundi, vipi?" Mwalimu akatoka mbio barabarani na povu lake kidevuni kutafuta teksi.

Wateja walimwita Wembe, na mkewe naye alishalizoea jina hilo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, hanywi, havuti, na hajawahi kulazwa hata siku moja. Kwa wiki mbili tumbo lilikuwa likimuuma kila akila. Akawa anameza dawa za vidonda vya tumbo, na mkewe akimsihi aende hospitali anamjibu, "Tumbo langu nalijua mwenyewe."

Kumbe halijui. Lilikuwa limejaa damu. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kupitia pajani, wakaufuata mshipa mpaka pale ulipopasuka, wakauziba; ateri nyingine iliyokuwa imetuna bila kupasuka hawakuigusa. Siku ya tatu daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Mzee, ugonjwa huu ni nadra sana. Mimi mwenyewe nimeuona mara mbili tu. Ukuta wa ateri una tabaka la kati linaloupa nguvu. Kwako limemong'onyoka sehemu sehemu. Hapo panatuna kama puto, au panachanika."

"Nimeupata wapi? Chumvi? Mafuta?"

"Hukukosea kitu. Chanzo chake hatukijui."

Jibu hilo lilimtisha kuliko kisu. Kama angekuwa na kosa, angeliacha.

"Ugonjwa huu hupenda mishipa ya tumbo," daktari akaendelea, "lakini wakati mwingine na ya kichwa. Lazima tupige picha."

Picha ilionyesha uvimbe mmoja kwenye mshipa wa ubongo, upande wa kushoto, mkubwa kama punje ya mbaazi. Waliamua wamwache kwanza apate nguvu, wamfungue kichwa baada ya wiki tatu.

Wiki tatu hizo aliishi kama mtu aliyebeba yai kichwani. Aliogopa kukohoa. Aliogopa kuinama kufunga viatu. Chafya ikimjia anabana pua mpaka machozi yanamtoka. Dada yake mkubwa alikuja kumjulia hali na vichekesho vyake, lakini Wembe akamwomba, "Dada, usinichekeshe. Nakuomba." Dada akanyamaza. Nyumba ile haikuwa imewahi kumwona amenyamaza.

Mkewe alikuwa kila saa akisukuma mlango, anachungulia, anaondoka. Siku moja Wembe akamshika.

"Unaangalia kama nimekufa?"

"Naangalia kama unapumua."

"Si ni kitu kilekile?"

"Hapana," mkewe akasema, akaketi chini palepale mlangoni, akalia kwa kwikwi. Tangu waoane, miaka ishirini na sita, alikuwa hajawahi kulia mbele yake namna hiyo.

Daktari hakumficha kitu: upande ule wa ubongo ndio unaoamuru mkono wa kulia. Upasuaji ungeweza kuuponza. Kuacha uvimbe ulivyo kungeweza kumuua jikoni, bafuni, popote. Wembe aliutazama mkono wake juu ya goti. Akasema, "Fungueni."

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea. Wembe akakataa.

"Mke wangu ataninyoa."

"Mimi? Sijawahi kunyoa hata mbuzi!"

"Leo utaanza na mbuzi mzee."

Mkewe akaiwasha mashine. Wembe akamwelekeza: anzia utosini, usikandamize, vuta ngozi kwa kidole gumba. Mashine iliruka, ikaacha kishungi juu ya sikio, muuguzi akaimaliza kazi. Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, taa za dari zikawa zinapita moja moja juu ya macho yake. Alitaka kumwambia mkewe kwamba anaogopa, akamwambia tu aende akale.

Upasuaji ulichukua saa sita. Alipozinduka alisikia sauti ya muuguzi ikisema, "Baba, bana mkono wangu." Akabana. Mkono wa kulia haukutii. Akajaribu tena, jasho likamtoka, na safari hii kidole kimoja kikasogea.

Ilimchukua miezi mitano kushika kijiko bila kukiangusha. Vidole viwili vya mwisho mpaka leo vina ganzi. Picha mpya ya tumbo ilionyesha kwamba ateri nyingine iliyokuwa imetuna imerudia hali yake yenyewe, ukuta umenyooka. "Huwa inatokea," daktari akasema, naye mwenyewe akitabasamu kwa mshangao. "Ugonjwa huu huweza kuja mara moja ukaondoka. Ila siwezi kukuapia."

Sasa Wembe ananyoa kwa mashine tu, na anafunga kibanda mapema. Hajawa jasiri. Kila miezi sita, wiki ya picha ikikaribia, hofu inamrudia. Tofauti ni kwamba sasa anasema. Juzi mwalimu alimuuliza hali, akamjibu huku akimfuta shingo kwa taulo, "Naogopa, mwalimu. Jumatatu napigwa picha."

"Nani anakupeleka?"

"Mama watoto."

"Basi na mimi nakuja," mwalimu akasema, akashuka kitini.