Wino wa Sufu

Harufu ya sufu ya kondoo ikiungua hainitoki puani mpaka leo. Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Kibuli chini ya kilima cha msikiti, na kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuichoma sufu kwenye kigae, kuisaga na kuikoroga na maji iwe wino wa Sheikh Tayibu. Mzee huyo alitoka Tunisi. Kwao alikuwa mwanachuoni, akaingia siasa, Wafaransa wakamfunga. Uhuru ulipopatikana, wenzake wa chama wakamgeuka, akakimbilia kwetu. Baba alimpa chumba cha uani asomeshe watoto. Tuliandika aya kwenye mbao, tukimaliza tunaziosha na kunywa yale maji, kama walivyofanya kwao. Mimi yalinitia kichefuchefu, lakini nani angethubutu kusema?

Kwa wino uleule aliandika kitabu cha maisha yake, kwa mwandiko ambao sikuweza kuusoma. "Zaituni, mimi nizikwe popote," aliniambia, "lakini karatasi hizi zimfikie binti yangu." Siku zile wanajeshi ndio waliotawala, na watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe. Alhamisi moja askari walisimamisha gari nje, wakaanza kupekua nyumba ya jirani, Sheikh yuko msikitini. Mama alijua kwamba jina la baba limo mle kitabuni. Akaleta karai la maji. "Osha kwanza! Jina la Mungu halichomwi." Nikaosha ukurasa baada ya ukurasa, nalia, mpaka maji yakawa meusi tii. Karatasi tupu mama akazisukumiza jikoni, motoni.

Askari aliingia, akatazama karai. "Hii maji nyeusi ni ya nini?"

"Ni ya chuo cha Kurani, afande. Watoto hunywa, wapate kuhifadhi."

"Haya. Yeye kunywa, mimi naona."

Nikachota karaini, nikanywa bakuli zima. Akacheka, wakatoka. Sheikh walimkamata njiani akiteremka kutoka msikitini, na waliokuwapo walisema habari za karatasi hawakumuuliza. Hatukumwona tena.

Wajukuu zangu leo wanaandika watakalo kwenye simu, wakichoka wanafuta, na hakuna anayetetemeka. Mwaka jana binti yake Sheikh alikuja Kibuli, bibi kizee kama mimi, akaniuliza kama ulibaki hata ukurasa mmoja. Nilimshika mikono, nikamweleza ladha yake. Sina kingine ninachokijua cha kitabu cha baba yake.