Kitambaa Cheupe cha Nsimire

Mutu akikuambia kusamehe ni rahisi, muulize kwanza nani alimuulia bwana. Mimi Charline nauza chai na mikate ya mafuta pa bandari ya Goma tangu kabla ya vita ya kwanza. Nimemuona Nsimire akibeba hasira yake miaka kumi na sita, na hakuiweka chini hata siku ya Noeli. Alikuwa na haki. Mwenye kusema hakuwa na haki aje hapa, nimumwagie chai ku miguu.

Bwana yake aliitwa Baharanyi, mutu wa upande wa Bukavu, mekanisien, fundi wa moteri, ku bato moja yenye kupeleka watu juu ya ziwa, Goma mpaka Bukavu. Bato ilikuwa ya patro Buhendwa. Mwaka wa 1996 moteri ikaanza kutoa moshi mweusi tii. Baharanyi akamuambia patro kwamba enjektere zimekwisha, vile vyuma vidogo vyenye kupuliza mazutu, mafuta ya dizeli, ndani ya moteri. Zinavuja, mazutu haiungui vizuri, tusimamishe bato tuzibadilishe. Alimuambia mara tatu, mara ya tatu mbele yangu, glasi ya chai ku mukono.

Buhendwa akamujibu, "Moshi ni moshi tu. Vita inakuja, watu ni wengi. Bato inatoka."

Ikatoka. Na kwetu huku kuna desturi: fundi mwenye kugusa moteri anapanda nayo. Baharanyi akapanda. Buhendwa alibaki ku kando ya maji, mikono ndani ya mifuko. Karibu na kisiwa cha Idjwi moteri ikakohoa, ikazimika. Watu wenye kukimbia vita hawana moyo wa kungoja. Wakaogopa, wakakimbilia upande mumoja wote, na tisa wakaanguka ndani ya ziwa, wakazama. Buhendwa akaenda kwa wakubwa wenye bunduki, akasema, "Ni mekanisien. Alikunywa." Uongo mutupu! Baharanyi hakuonja pombe hata pa arusi yake. Wakamufunga ndani ya kasho, gereza yao. Kisha wiki tatu wakamurudishia Nsimire mwili, umefungwa ndani ya shuka.

Pa kilio Nsimire hakupiga kelele. Alinishika mukono mpaka ukauma, akaniambia, "Charline, ule mutu atasema ukweli kwa kinywa chake, hapa pa bandari, mbele ya watu. Na siku hiyo nitamuonjesha woga wenye bwana yangu alionja. Mungu atanisamehe kama anataka."

Kazi ya moteri aliijua. Ku nyumba yao ya Murara alisafisha vyuma na bwana yake tangu alipoolewa. Mafundi watatu waliposhindwa na ile moteri, kapiteni Donat akamuleta yeye. Buhendwa akacheka, "Mujane mwenye njaa hana mudomo." Ee Mama Maria! Angalijua.

Sisi wote wa bandari tulingoja siku atatia sukari ndani ya tanki, moteri ife. Tulingoja mwaka, miaka miwili. Yeye anasafisha filtre, anakaza, anapima, anapaka grisi. Nikachoka, nikamuuliza, "Dada, hii njo kulipiza? Unamutunzia adui bato?"

Akanitazama kama mimi ni mupumbavu. "Unafikiri moteri njo ilimuua Baharanyi?"

Kisha akaleta kile kitambaa cheupe. Kila asubuhi, mbele watu hawajapanda, alikifunga ku fimbo, akakishika pa bomba ya moshi, moteri ikiunguruma. Kikitoka cheupe, anakionyesha wasafiri: pandeni. Kikitoka cheusi: leo hatutoki. Alikikata ku shuka ile ile yenye ilifunga mwili wa Baharanyi. Ni mimi na yeye tu tulijua.

Siku ya kwanza kilipotoka cheusi, watu walishuka wote, na magodoro yao, na mbuzi zao. Buhendwa alitukana mpaka mate yakamuruka, lakini enjektere mupya zilinunuliwa. Nsimire akasema kwa sauti, "Baharanyi aliomba hizi." Kila chuma mupya, maneno yale yale. Patro akamukataza, "Usitaje ile jina!" Akaitaja. Mufukuze basi? Wasafiri walikuwa wanauliza kwanza kama Mama wa Kitambaa ako, njo wanapanda. Moteri ikafika kunywa mazutu kidogo, na wavuvi wa sambaza wakasema bato inapita bila kuwatia moshi ndani ya macho.

Basi, Novemba 2012. Bunduki zililia tangu alfajiri upande wa Kibati, na muji wote ukashuka pa bandari. Nsimire alikuwa amemaliza kufungua na kufunga moteri yote juzi yake. Nikaona binti yake Julie anapanda na mutoto ku mugongo. Buhendwa akafika na valise ya nguo, anasukuma watu.

Nsimire akashika kitambaa pa bomba. Cheupe pee. Akakionyesha watu, kisha akasogea pembeni. "Panda, patro."

Buhendwa akaweka muguu ku ubao, akasimama. "Na wewe?"

"Mimi leo nabaki."

Miaka yote hajabaki hata safari moja kisha kugusa moteri. Nikaona uso wa Buhendwa unabadilika. "Umefanya nini mule ndani?"

"Nimefanya yote yenye ulimukatalia Baharanyi."

"Nsimire!"

"Panda. Watu wanangoja."

Bomu likalia karibu. Jasho lilimutoka ule muzee, na asubuhi ile kulikuwa baridi. Akapaza sauti, mbele ya bandari nzima: "Baharanyi alinionya! Mara tatu! Hakukunywa. Ni mimi nilikataa, ni mimi nilisema uongo! Umesikia? Sasa niambie, moteri iko muzima?"

"Iko muzima," Nsimire akasema. "Panda."

Hakumuamini. Ukweli ametoa, lakini muguu ulikataa. Kapiteni Donat akangoja kidogo, akavuta ubao, na bato ikaenda bila moshi, imejaa watu. Ilikuwa ya mwisho siku ile.

Buhendwa akaikalia valise yake. Tulikaa palepale, yeye kule, sisi huku, mabomu yakianguka, mpaka simu ya Nsimire ikalia. Akasikiliza, akafunga, akatembea mpaka mbele ya ule muzee.

"Imefika Bukavu, patro. Haikukohoa hata mara moja. Ni Julie amenipigia, alikuwa ndani na mujukuu wangu. Julie, mutoto wa Baharanyi. Miaka kumi na sita, haukuuliza hata siku moja kama aliacha mutoto."

Buhendwa akafunika uso na mikono, mabega yakatikisika. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi pole sikumuambia.

Nsimire akarudi, akakaa ku kiti changu, akakunja kitambaa mara nne, akakiweka ku magoti. "Nipe chai, Charline." Nikamumiminia glasi yenye kujaa. Buhendwa naye akainua mukono, anaomba. Nikafunika termosi.